Mbio za Ngazini

Namba yangu ya mbio ilikuwa imepachikwa ukutani kwa pini mbili, juu ya redio ya baba, na kila nilipopita pale niligeuza uso. Baba ndiye aliyeipachika. Alikwenda kunichukulia mwenyewe kwa vespa yake, akasimama kwenye foleni pamoja na vijana waliokonda kama miiko ya pilau, akarudi ameiinua juu tangu mlangoni utasema yeye ndiye atakayekimbia. "Ishirini na moja," alimwambia mama. "Kilomita ishirini na moja, na huyu ataziweza zote." Siku chache baadaye alijinyoosha kitandani baada ya sala ya adhuhuri, akalala, na hakuamka.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa jambo lisiloepukika, hajipambi, hajitii manukato. Hayo niliyajua tangu utotoni. Yaliyonitisha ni yale ambayo mama aliyafanya bila ya kutakiwa na sheria wala na mtu yeyote. Aliacha kula. Sisemi kwamba alifunga; aliacha. Matonge mawili ya wali, kijiko cha mchuzi, kisha aliisukuma sahani kwa vidole. Aliacha kuzungumza, isipokuwa kuitikia salamu za waliokuja kumpa pole. Na alifunga dirisha.

Hilo dirisha lina habari yake. Nyumba yetu iko Malindi. Mlango uko kichochoroni, lakini ubavu mmoja wa nyumba unatazama barabara kubwa, na chumba cha mama, ghorofa ya pili, kina dirisha refu juu kabisa ya duka la Mhindi ambaye baba yake naye alikuwa na duka lilelile. Dirishani kulikuwa na kikapu cha ukili kilichofungwa kamba ndefu. Kila asubuhi baba alishuka kwenda kucheza bao barazani, lakini kwanza alipita dukani, akatia kikapuni mkate, gazeti na chochote kingine kilichomjia kichwani, kisha akaivuta kamba mara mbili. Mama huku juu alikipandisha. Siku nyingine ndani hamkuwa na kitu ila kikonyo cha asmini, na mama alijifanya kukasirika kwamba amesumbuliwa bure. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na waliendelea nayo mpaka wakazeeka. Baba alipofariki mama aliikunja ile kamba, akakisukumia kikapu uvunguni, akafunga mbao za dirisha, na chumba kikawa giza mchana kutwa.

Nami sikukimbia tena.

Sikuwahi kuwa mkimbiaji, na nisijifanye. Nafundisha hesabu skuli. Nilipoachika nilirudi kwa wazazi wangu, nikajifungia chumbani, nikanenepa kwa hasira. Baba hakunipa nasaha hata moja, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake ni miujiza. Jumapili moja alfajiri alinigongea, akaniambia nipande vespa, akanipeleka mpaka Kizimbani, kwenye mashamba ya karafuu ya serikali alikofanya kazi ujanani mwake. Akanishusha katikati ya barabara.

"Mimi nnakwenda mbele, taratibu," akasema. "Ukitaka kupandishwa, nifikie."

Akaondoka. Nilisimama nikifikiri anatania. Alipofika kwenye kona bila ya kugeuka nyuma nilianza kukimbia, huku nikimtukana moyoni, na namwomba Mungu anisamehe. Kila nilipomkaribia aliongeza moto kidogo. Nilikuwa nimevaa baibui na ndara. Hatimaye nilimfikia penye mpando, ambapo vespa yenyewe ilikuwa imechoka, nikakishika kiti chake kwa nyuma, naye alicheka hata ikabidi avue miwani ajifute macho. Jumapili iliyofuata nilivaa raba.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Wenyeji walikuwa wameanika mikeka kandokando ya barabara, na juu yake karafuu za kila hatua, mbichi za kijani, zilizoanza kugeuka nyekundu, na kavu zilizokuwa tayari kwa gunia. Harufu yake haikuwa ile ya jikoni. Ilikuwa nzito, ilishuka kifuani ikakaa. Nilikimbia katikati ya harufu ile jua likichomoza nyuma ya miti, umande ukitoka njiani kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, na nilishangaa kwamba kifua changu mwenyewe kina nafasi kubwa kiasi kile na mimi nimeishi nacho miaka yote bila ya kujua. Nilitamani kumwambia baba lakini sikuwa na pumzi. Yeye alikuwa nyuma yangu siku hizo, kwani alishagundua kwamba moshi wa vespa yake unanikaba.

Basi hayo ndiyo niliyoyakosa. Mwanzoni nilikuwa na sababu: watu wamejaa nyumbani, hitima, masufuria ya kuosha. Baadaye watu walipungua na sababu zikaisha, lakini miguu haikutaka. Ningewezaje kwenda Kizimbani bila ya kusikia ile vespa nyuma yangu? Raba zilikaa chini ya kitanda zikashika vumbi. Mwili nao hauna aibu, husahau upesi; nilipanda siku moja na ndoo ya nguo mpaka juu ya paa, nikajikuta nimeshika ukuta, natweta. Mbio zilikuwa zimekaribia. Jioni ile nilimwambia mama kwamba nitairudisha ile namba wampe mwengine.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Aliniangalia kwa muda, kisha akaangalia ukuta wenye redio.

Kesho yake ndipo yalipoanza mambo ya kutumwa.

Ili mtu aelewe adhabu yenyewe, ni lazima niieleze nyumba. Ni ya mawe na chokaa, nyembamba, imekwenda juu badala ya kwenda kando. Chini kabisa ni mlango na giza. Ghorofa ya kwanza ni pa wageni, ya pili kwa mama, ya tatu vyumba vya kulala, na juu ya yote ni jiko, pembeni mwa uwazi wa kuanikia nguo, kama walivyojenga wa zamani ili moshi usiwasumbue. Ngazi ni za mwinuko mkali, na vidato vyake havilingani; kimoja kifupi, cha pili kinakufika gotini. Mgeni akizipanda mara moja hutafuta pa kukaa.

"Niangalilie kama mlango umefungwa," mama alisema nilipotoka skuli.

Nilifurahi kusikia sauti yake. Nikashuka, nikaangalia, nikapanda. "Umefungwa, mama."

"Haya. Kanichukulie bilauri yangu jikoni."

Nikapanda mpaka juu, nikashuka nayo.

"Siyo hii. Ile yenye ua."

Nikaenda tena. Niliporudi aliiweka pembeni bila ya kuitia maji. "Hebu kauangalie tena mlango."

"Mama, mlango nshauangalia!"

"Kauangalie tena. Watu wa siku hizi si wa kuwaamini."

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Mlango, bilauri, ufagio wa chini uletwe juu, ufagio wa juu ushushwe chini, kanga imeanikwa kweli au imeanguka, paka kaingia jikoni au hakuingia, na sisi hatuna paka. Siku ya kwanza nilidhani upweke. Siku ya pili niliona kwamba akili ya mama yangu inaondoka, nikakaa kwenye kidato gizani, nikalia kwa kwikwi, nikisema moyoni kwamba nimempoteza baba na sasa nampoteza na huyu. Siku iliyofuata, niseme nilivyokuwa, machozi yaliisha nikabaki na hasira tupu. Nilivua ndara ili nisifanye kishindo, nikapanda mbiombio, nikiwa nimeshatayarisha maneno ya kumwambia.

Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa ameliweka bao la baba mapajani, lile lile la mvule ambalo mashimo yake yameng'aa kwa vidole. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Aliposikia pumzi zangu alichukua kete moja kwenye shimo, akaihamishia shimo la pili. Kete za baba zilikuwa komwe za kijivu, na ilipoanguka ilitoa sauti ndogo.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nnahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Wewe."

Maneno yangu yote ya hasira yakanipotea. Nilikaa chini palepale mlangoni, jasho likinitiririka mpaka kwenye nyusi. Mama akalisogeza bao nilione. Safu nzima ilikuwa imeshahama.

"Baba yako kila akirudi Kizimbani alikuwa akinambia," alisema. "Kila kitu. Kanambia kuna mpando pale penye mfenesi mkubwa, wewe ukifika hapo huinama ukajifanya unafunga kamba za viatu."

"Alijua?"

"Alijua. Kasema, muache, anafunga kamba." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi barabara siijui, mwanangu. Mimi nnajua ngazi. Hizi nimezipanda na mimba yako, nimezipanda na ndoo za maji mabomba yalipokauka, nimempandisha bibi yako mgongoni alipokuwa hawezi. Ukiziweza hizi, mpando wa nani utakutisha? Haya, pumzi imerudi. Panda."

Sijui nieleze vipi nilivyomtazama. Nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba ya mwanamke huyu karibu maisha yangu yote, na siku ile nilimwona kana kwamba ameingia mtu mgeni. Kumbe aliyekuwa kimya gizani hakuwa ameondoka. Alikuwa akinisikiliza miguu. Nilisimama, nikapanda.

Tangu hapo hakukuwa tena na bilauri wala paka. Nikitoka skuli nilivaa suruali na jezi kuukuu ya baba ya mpira, nikafunga mtandio nyuma ya shingo, nikaanza mlangoni. Chini gizani, ukuta baridi, harufu ya chokaa yenye unyevu. Kisha vidato. Nilijifunza kila kimoja: kilichopasuka, kinachoteleza, kile ambacho katikati kimelika kwa miguu ya watu ambao hata majina yao hatuyajui tena. Hili lilinishika sana. Mguu wangu uliingia kwenye lile bonde la jiwe kama kwamba wamenichimbia, na nilihisi watu wote hao wananisukuma mgongoni. Kisha mwanga ulianza kushuka kutoka juu, nikatokea jikoni kwenye upepo, mapaa ya mabati mpaka minarani, na bahari ikiwaka nyuma yake. Nilisimama pale pumzi mbili tatu, nikasema Subhanallah, si kwa mazoea bali kwa kuwa hakuna neno jengine lililonijia. Halafu nikashuka kuanza upya. Nilipopita kwa mama nilisikia kete ikilia.

Nilipokaribia mwisho kulikuwa na jambo lake. Ikibaki kete moja, mama hakuihamisha kimyakimya. Aliutoa mkono kwenye upenyo wa mlango, kete katikati ya vidole viwili, nikaiona ninapopita: bado moja. Nilikuwa naichukia kete ile na kuipenda. Hata kama nilikuwa nimekufa, kwa kete moja nilifufuka.

Nyumba za mji wetu zimegusana kuta, na sikulifikiria hilo. Jirani yetu wa ubavu wa pili, mwanamke mwema ila mwoga, alikuwa akisikia kila jioni kishindo cha miguu kikipanda na kushuka ndani ya ukuta, ndani ya nyumba ambayo alijua ina mjane mmoja aliyekaa kitako na binti mmoja asiyejishughulisha na mtu. Na marehemu baba, miguu yake ilikuwa mizito. Jirani hakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, dada wa baba, akamwambia kwamba kaka yake hajatulia, kila baada ya alasiri anazipanda ngazi zake.

Nilikuwa nashuka kutoka jikoni, nimelowa, jezi imenigandama, nilipokutana nao ghorofa ya kwanza. Wanawake watano sita waliojifunika gubigubi, shangazi mbele na chetezo cha ubani kinafuka, wote wanasoma Yasini kwa sauti ya kutetemeka. Gizani waliona jezi ya baba inawateremkia. Ukelele uliotoka pale Mhindi aliusikia dukani kwake, akatoka nje na rula ya kupimia vitambaa.

Tulipotambuana, woga wa shangazi uligeuka hasira palepale.

"Ndugu yangu hata udongo wake haujakauka," alisema, akinipita na kupanda mpaka kwa mama, nami nyuma yake, "na mwanawe anacheza michezo ndani ya nyumba ya eda! Nawe umekaa unamtazama! Wifi, watu watatwambiaje?"

Mama alikuwa na bao mapajani. Nilitamani kuzama sakafuni. Mama hajawahi kumjibu shangazi tangu alipoolewa. Ndivyo alivyolelewa, na shangazi ndivyo alivyozoea.

"Wifi," alisema mama taratibu, "eda hii yangu. Yeye hana eda."

Akalishika bao kwa mikono miwili.

"Mtoto humhuzunikia baba yake siku tatu, kwa sheria. Kisha huyashika aliyoachiwa. Huyu kaachiwa ile pale." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Haikupachikwa na mimi. Kaipachika nduguyo."

Shangazi aliinua macho akaiona namba. Alisogea karibu, akaigusa pini moja kwa ncha ya kidole. Ubani ulikuwa unafuka mkononi mwake bila ya yeye kuukumbuka. Nilingoja balaa. Shangazi alikaa chini kwa kishindo, akaliangalia bao, akanywea, akafuta macho kwa ukaya.

"Na mbona kete unazipeleka kinyume?" alisema. "Kete za ndugu yangu haziendi hivyo."

Kumbe yeye ndiye aliyemfundisha baba bao, walipokuwa wadogo. Sikuwahi kulijua hilo. Jioni za mwisho mwisho walikaa wote wawili, mama akihesabu na shangazi akimsahihisha, nami nikipita mlangoni kama daladala isiyoshusha abiria.

Lakini ngazi si barabara. Alfajiri moja nilitoka kujipima, nikaenda mpaka Mtoni nikikimbia, na kutoka Mtoni nikarudi nikitembea, mkono ubavuni. Nusu ya njia sikuifika. Nilimkuta mama na sahani yake ya matonge mawili, ile ile, anaisukuma.

"Sitofika, mama," nilimwambia. Nilisema wazi kwa sababu nilikuwa naogopa wazi. Niliogopa kukimbia mbio za baba na kuzishindwa. Zaidi ya hapo niliogopa jambo ambalo sikulitamka: kwamba mama kaamka kwa ajili ya mbio hizi, na nikishindwa atarudi kulekule gizani, na safari hii asisikilize miguu ya mtu.

"Hiyo barabara inapita wapi?" aliuliza.

"Tunaanzia Forodhani, tunakwenda mpaka Bububu, tunarudi. Mwishoni tunapita hapa chini, kisha tunamalizia kulekule tulikoanzia."

"Hapa chini," alisema, akaliangalia dirisha lililofungwa.

Asubuhi ya mbio nilimwamkia, akaitikia, akanifunga mtandio kwa mikono yake mwenyewe. Forodhani kulikuwa bado na kiza. Sikutegemea kuona nilichokiona. Watu walikuwa wengi kuliko mkesha wa Idi, wazee wenye ndevu, wasichana wa skuli, wageni wekundu, askari, na wote walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini kama walio uani msikitini. Nilisimama katikati yao nywele zikanisisimka. Kila mmoja ana mtu wake nyumbani, nilifikiri, kila mmoja kafungwa mtandio au kapigwa bega na mtu. Kisha tukaondoka, na mshindo wa viatu vyote vile juu ya lami nauhisi mpaka leo kwenye meno.

Kwenda nilikwenda vizuri. Maruhubi, Mtoni, Kibweni, bahari kushotoni, jua likipenya minazi. Penye kila mpando nilifunga macho nikaona vidato, na niliwapita watu waliokuwa wamenipita kwenye tambarare. Nilicheka peke yangu. Bububu niliizunguka nikiwa mzima.

Kurudi ndiko kulikonitoa roho. Jua lilikuwa juu, lami inawaka, na yale yote niliyoyakosa kwa wiki zile yakaja kunidai kwenye mapaja. Wale niliowapita wakanipita tena, mmoja mmoja, mpaka bibi mmoja mzee wa kigeni akanipita akanipungia mkono. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Nilipofika Malindi barabara ilikuwa karibu tupu na magari yameanza kuachiwa. Nyumba yetu ikaonekana. Hapo ndipo shetani alipokuja: mlango wetu uko kichochoroni hapo tu, ufunguo ninao mfukoni, na hakuna anayenitazama. Nilikuwa nimeshaanza kukata kona.

"Binti!" Mhindi alikuwa amesimama juu ya kiti nje ya duka lake, anapunga rula. "Binti, juu! Tazama juu!"

Kwanza nilitazama chini, kwa sababu nilikanyaga kitu laini. Barabara yote mbele ya duka ilikuwa imejaa makapi ya machungwa. Kisha nikainua kichwa. Mbao za dirisha la mama zilikuwa wazi. Kamba ilikuwa imeteremka, na mwisho wake, usawa wa kifua cha mtu, kikapu kinayumba. Yule bibi wa kigeni alikuwa amesimama hapo anachukua chungwa lililomenywa, akainua mkono juu kushukuru, akaondoka.

"Tangu wa kwanza!" Mhindi alipiga kelele. "Tangu wa kwanza anawapa! Gunia zima nimempandishia!"

Nilikwenda nikakishika kikapu kwa mikono miwili. Kilikuwa kitupu. Bibi yule alichukua la mwisho. Nilichelewa hata machungwa ya mama yangu mwenyewe.

Ndipo mkono ulipotoka dirishani. Mkono tu, mpaka kifundoni, bila ya bangili, na katikati ya vidole viwili kitu kidogo cha kijivu.

Kete moja.

Sikukata kona. Sikumbuki vizuri njia iliyobaki, ila kwamba nilikimbia, na kwamba Mhindi alikimbia pamoja nami mpaka pumzi zikamwishia karibu na bandari. Forodhani walikuwa wameshaanza kukunja mabango. Kijana mmoja alinivisha nishani shingoni huku anazungumza na simu. Niligeuka palepale nikaanza kurudi nyumbani, kwa sababu nilijua kete ile bado iko mkononi.

Ngazi nilizipanda kwa miguu na mikono, kama mtoto anayejifunza. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mwanga wote wa barabara ulikuwa umemwangukia usoni, na nilishtuka kuona alivyokonda, na alivyo mzuri. Vidole vyake vilikuwa vimekaukiwa na maji ya machungwa. Bao lilikuwa mapajani, kete zote zimehama isipokuwa moja. Alingoja mpaka nilipokivuka kizingiti na goti la mwisho, kisha akaiachia shimoni, ikalia.

Tulitazamana. Nilitaka kumwambia kuhusu asubuhi, kuhusu viatu vyote vile, kuhusu minazi, kuhusu yeye. Sikuwa na pumzi.

"Nna njaa," mama alisema.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akarudia, kwa kuona haya kidogo, mkono tumboni. Wifi yake kaleta bokoboko la ngano na nyama asubuhi, alisema, sufuria zima, na harufu yake imemsumbua tangu alipofungua dirisha.

"Liko wapi?" nikauliza.

"Jikoni."

Jikoni kwetu ni juu kabisa. Nikapanda.